Majaliwa Ukutani

Waliokuja kutupa pole walikuwa na neno moja, utadhani walifundishwa njiani. "Walimfananisha, Mama. Walimfananisha tu." Walilisema kwenye mkeka, walilisema wakinywa uji wa msiba, walilisema wameshasimama wanatafuta viatu vyao mlangoni. Mjukuu wangu Majaliwa alipigwa mpaka akafa kando ya barabara ya kutoka Kibondo kuja Kasulu, na mimi nilitakiwa nipoe moyo kwa sababu waliompiga walidhani ni Mrundi.

Nikakaa kimya. Watu wananisifu kwa hilo, Bibi Ernesta ana subira. Ukizika mume, ukamzika na binti, watu wanachoka kukuona unalia, basi unajifunza kukaa kimya na wao wanakuita mwenye subira.

Majaliwa ni mtoto wa huyo binti niliyemzika, Immakulata. Nilimlea kwa uji na maziwa ya jirani. Alipokua akawa mtu wa maharage: ananunua Busunzu, anafunga gunia kwenye baiskeli, anakuja kuuza Kasulu mjini, jioni anapanda kwangu Heru Juu anakula muhogo na kunisimulia bei. Mrefu, mwembamba, pua imenyooka kama ya mama yake. Alikuwa akicheka anafunika mdomo, kwa sababu jino moja la mbele lilikaa upande.

Kule njiani asubuhi kuna baridi, kwa hiyo alijitanda blanketi. Blanketi la kijivu, yale ya kambini Nyarugusu. Mimi sijui nyumba hapa kwetu isiyo na kitu cha kambini. Wakimbizi wanauza wapate mboga na sabuni, sisi tunanunua kwa kuwa ni rahisi. Turubai, sahani, madumu, vyote. Mtendaji wetu mwenyewe, aliyeletwa na serikali kutoka mkoa wa mbali, kuku wake wanalala chini ya turubai la kambini, na hakuna aliyemwita kuku wake wakimbizi.

Sasa katika kijiji kimoja huko katikati, sitakitaja, wenyewe wanajijua, ng'ombe walikuwa wameibiwa. Vijana wakafunga kamba barabarani kutafuta Warundi. Kwa nini Warundi? Kwa sababu kikipotea kitu huku kwetu, hata sindano, kimeibwa na Mrundi. Akaja Majaliwa na baiskeli yake. Wakaona urefu, wakaona pua, wakaona blanketi. Wakamwambia aseme. Akasema. Kiha chetu na Kirundi vimelala tumbo moja, na Kiswahili chetu sisi wa huku juu kinatembea na Kiha ndani yake. Wakasema ndiye. Wakataka kitambulisho cha taifa. Kadi yake ilikuwa haijatoka, alikuwa na namba tu kwenye simu, na simu imezima. Akawaambia, mimi ni wa Heru Juu, mjukuu wa Ernesta. Wakacheka, wakasema kila Mrundi ana bibi Kasulu.

Haya nilisimuliwa na mama muuza chai aliyekuwa amesimama pale. Alinisimulia akilia sana. Nikamuuliza kama na wale vijana aliwaambia kitu. Akazidi kulia.

Kadi ilitoka baada ya mazishi. Aliyeitwa kuichukua ni mwanangu Ildefonce, mjomba wa marehemu. Akaja nayo, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Nikamwona Majaliwa mle ndani, mdogo kama ukucha, kijivu, amekazwa asicheke.

"Hii sasa ni ushahidi, Mama," Ildefonce akasema. "Alikuwa Mtanzania halali kabisa."

"Ushahidi wa nini? Kuna aliyeuliza?"

Hakuna aliyeuliza. Kesi ilikuwa imeshalala. Leo shahidi amesafiri, kesho mpelelezi amehamishwa. Ndipo kijiji kile kikatuma mtu kwa Ildefonce: siku ya kuondoa kilio watakuja na ng'ombe, tule pamoja, mambo yaishe. Ildefonce akakubali kabla ya kuniambia. Si mtu mbaya mwanangu. Ni mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti anapenda kila kitu kifungwe, hata kama ndani kuna mtu.

Kwetu nyumba yenye kilio haisiribwi. Ukuta ukipasuka unauacha, mbuzi akijikuna akabomoa kona unamtazama. Siku ya kuondoa kilio ndipo wanawake wa jirani wanaleta udongo mweupe, wanapaka nyumba yote kwa nje, mwenye msiba hagusi. Watu wanakaa wanangoja ukuta ukauke. Ukishakuwa mweupe ndipo mnyama anachinjwa, watu wanakula, na tangu hapo ukilia unalia peke yako, hakuna wa kukushika mkono. Ukuta usipokauka hakuliwi. Nakumbuka msiba mmoja wa masika, watu walikaa na njaa mpaka jua likazama, fahali wa watu anatafuna majani.

Mimi sikuwa tayari kubaki peke yangu. Zaidi ya hapo, kuna kitu kilinitisha. Nilikuwa nimeanza kumsahau. Nikifumba macho naona kadi. Yule wa kijivu ndiye anakuja, yule wa jino la upande anakataa kuja.

Basi siku moja nilishuka Makere kuuza unga wa muhogo. Gulioni kuna kinyozi, kibanda chake kimechorwa vichwa vya vijana walionyolewa mitindo. Ukitazama vile vichwa unaona vinataka kukujibu. Nikapita nyuma ya kibanda kutafuta kivuli, nikakuta turubai limetandazwa kukauka, na juu yake watu wamesimama. Wazima, wakubwa kama mimi na wewe, wanawake, wanaume, mtoto mmoja amebebwa. Wote weusi kama waliotoka jikoni, wala chini ya miguu yao hakuna ardhi. Na hawana sura.

Mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa anaosha mikono kwa majivu. Akaniambia, "Usikanyage batu yangu, Bibi."

"Samahani. Hawa ni akina nani?"

"Bafu, Bibi, balishakufa. Huyu mama mukubwa. Huyu kaka yangu, Cadet." Akawaonyesha kwa kidevu, kama mtu anayetambulisha wageni. "Kule kwetu Congo balimusimamisha ku bariyeri. Bakaangalia pua. Bakasema, wewe hauko mutu wa hapa, rudia kwenu. Kwetu wapi? Babu alizikwa pale, na babu ya babu alizikwa pale."

Nikakaa juu ya gunia langu.

"Mbona hukuwaweka sura?"

"Sura njo ilibaua, Bibi. Njo maana nilitosha." Kwao kutosha ni kuondoa.

Jina lake Gentille, ndiye aliyechora vile vichwa vya kinyozi. Anaishi kambini Nyarugusu, na alikuwa ametoka kwa kibali cha siku ya gulio. Ana maneno mengi kuliko redio. Kabla sijamaliza kumweleza habari zangu alikuwa ameshanieleza za kwake zote, na za shemeji yake, na za mchungaji wao anayekopa nguo za kwaya. Lakini nilipofika kwenye kamba na blanketi aliacha kuosha mikono. Akasema kwa sauti ya chini, "Hata ku amani kuko bariyeri?"

Nikamtolea kadi. Nikamwambia, "Nataka umchore kwenye ukuta wangu, upande wa barabarani. Na mimi nataka sura. Nataka wale watu wakija na ng'ombe wao wamwone usoni, wajue walimuua Mtanzania."

Akaishika ile kadi, akaipeleka juani, akaigeuza.

"Na kama hangekuwa?"

"Hangekuwa nini?"

"Mutanzania."

Nikamwambia asinichanganye, mimi ni mtu mzima. Akanirudishia kadi, akasema atakuja.

Kuja kwake ilikuwa kazi. Mtu wa kambini haruhusiwi kuzurura huku juu. Jirani yangu Esteri ndiye aliyemfuata, akampa kitenge chake, akamtwika beseni la viazi kichwani, akamwambia njia nzima asifungue mdomo, maana akisema neno moja tu kila mtu atajua. Walipofika kwangu Gentille alitua beseni akavuta pumzi kama mtu aliyekuwa amezamishwa majini, kisha akasema kila kitu alichokuwa amekizuia tangu Makere.

Alichora kwa mikono na kijiti alichokitafuna ncha. Kwanza aliomba masizi ya sufuria na mawese. Akaponda, akakoroga mpaka ikawa kama ugali mwembamba mweusi, akaanza kuupaka ukutani mwili wa mtu aliyesimama, mrefu, amejitanda. Anapaka, anangoja ukuta unywe, anapaka tena.

Esteri akanitazama. Mwanamke yeyote wa kwetu anajua: ukuta ulioingia mafuta haushiki udongo. Utapaka juu, utaonekana umekubali, ukianza kukauka mafuta yanapanda. Tulishaona jikoni mara ngapi, mtoto kamwaga mawese, unapaka na kupaka na doa linakutazama vilevile.

"Gentille," nikamwambia, "hiyo haitatoka."

"Najua."

"Siku ya kilio watapaka."

"Bapake," akasema. Akaendelea.

Mwili ulipokwisha kunywewa, ndipo akaweka sura juu yake kwa udongo: mwekundu wa kichuguu, wa njano wa kisimani, mweupe, kila mmoja kaukoroga na uji wa muhogo ushike. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliniuliza tangu msiba. Masikio yake yalikaaje? Akikasirika anafanya nini? Akiwa na njaa? Nikamwambia habari ya jino. Akanifanya nicheke nimefunika mdomo, ili aone mkono unavyokaa. Nilicheka pale, ndani ya kilio, mwanamke mzima, na nilipomaliza kucheka mjukuu wangu alikuwa ukutani amesimama na baiskeli haipo, blanketi la kijivu begani, mkono umeinuka nusu kuelekea mdomoni. Kama mtu ambaye umemwita ndipo anageuka.

Yule wa kwenye kadi akaondoka kichwani mwangu siku hiyo. Hajarudi.

Watu wakaanza kuja kutazama. Wengine walisalimia kabla ya kukumbuka. Bodaboda walisimama, abiria wakilalamika. Ildefonce alikuja mwisho, amefungwa na vikao vyake. Alisimama mbali, mikono nyuma.

"Mama, nani kamchora hivi?"

"Fundi."

"Fundi gani anamchora mtu wetu na blanketi la wakimbizi? Umemchora mkimbizi! Wageni wakija watasema si mnaona, hata sisi tungemshika."

"Ndivyo alivyokuwa amevaa."

"Sasa nisikilize. Yule fundi arudi. Blanketi litoke, avalishwe jezi ya Taifa Stars. Na kwenye huo mkono, badala ya kuuinua bure, ashike kitambulisho. Hapo picha itakuwa na faida. Hapo hata mtendaji atapiga picha aitume juu."

"Ashike kadi ambayo hakuwahi kuishika?"

"Mama, watu wajue alikuwa wa kwetu!"

"Wanajua. Walijua tangu siku ya pili. Hebu niambie wewe, mwenyekiti. Akivaa jezi, jirani yake asiye na jezi apigwe?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anasoma. "Mama, hayo si yetu. Sisi tuna msiba wetu." Kisha akaonyesha ukuta kwa kidole. "Asipobadilishwa, siku ya kilio nitamfuta mimi. Sitaki ng'ombe aje hapa akute ugomvi."

Nikakaa kimya. Safari hii alidhani ni ile subira.

Siku ikafika. Wanawake walikuja mapema na mabeseni ya udongo mweupe, Esteri mbele. Gentille alikuwa katikati yao na kitenge cha kukopa, kichwa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimemkataza. Alimwambia Esteri kwamba mtu hakosi kilio cha mtu wake.

Wageni wakaja kwa gari la kukodi, wazee na vijana wachache, na ng'ombe akishushwa kwa ubao. Ng'ombe mzuri, sisemi uongo. Msemaji wao alikuwa Mzee Ndayisenga. Nilipolisikia jina nilimtazama vizuri. Hilo jina ng'ambo ya mpaka wanalo kila kilima. Mrefu, mwembamba, pua imenyooka. Angejitanda blanketi akakutana na vijana wake asubuhi na baridi, sijui.

Wale vijana hawakuutazama ukuta. Mmoja alijaribu, akashika kazi ya kumfunga ng'ombe, akamfunga, akamfungua, akamfunga tena.

Mzee Ndayisenga alipita akisalimia wanawake, mwenye adabu, mmoja mmoja. "Mwakeye, mama. Mwakeye." Akafika kwa Gentille. Gentille akainamisha kichwa. "Mbona huyu mama hajibu?"

"Ni bubu," Esteri akasema. "Tangu kuzaliwa."

"Maskini. Mungu ana kazi zake."

Mdomo ule usiolala hata kanisani, nikauona umebanwa, mishipa ya shingo imesimama. Maana naye ana pua, naye ana namna yake ya kusema, na kamba yenyewe, wale vijana wa barabarani, ilikuwa imekaa pale kwenye benchi inasubiri pombe.

Wanawake wakasiriba. Ukuta wa nyuma, wa kando, wa kando tena. Mikono inakwenda, wanaimba kidogokidogo. Walipofika upande wa barabarani wakapaka pembeni, wakapaka juu na chini, wakamfikia Majaliwa, wakasimama. Esteri akaosha mikono.

"Malizeni," Ildefonce akasema.

"Tumechoka, Mwenyekiti."

"Malizeni, wageni wanangoja."

"Mwenye haraka apake," akasema mwingine nyuma, na wenzake wakaangalia chini wasicheke.

Ildefonce akavua koti. Mwanangu hajasiriba ukuta tangu azaliwe. Hiyo kazi kwetu mwanaume haigusi. Akachota udongo kwa viganja viwili kama anayekula, akaanza na uso. Maji ya udongo yakaikuta sura iliyoshikwa kwa uji tu, ikayeyuka, wekundu na unjano vikachuruzika kwenye vidole vyake mpaka kwenye saa. Jicho moja lilibaki kidogo. Akalirudia. Nilimwona anageuza kichwa pembeni anapolirudia, na hapo nilimhurumia, kwa sababu alimpenda yule mtoto, alimfundisha baiskeli yeye. Lakini mkono haukusimama. Alipaka blanketi, akapaka mkono ulioinuka, akapaka miguu. Ukuta wote ukawa rangi moja, unang'aa kwa umajimaji.

Hakuna mwanamke aliyemwambia kitu. Hakuuliza.

Jua lilikuwa kali. Wanaume wakaketi kwenye benchi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, wanawake kwenye mkeka. Mchinjaji akanoa kisu. Mzee Ndayisenga akasimama mbele ya ukuta kuanza kusema, uso kwetu, mgongo ukutani.

Alisema vizuri. Alisema sisi sote ni Waha, damu moja, meza moja. Alisema vijana walikuwa wanalinda mali za watu, na mlinzi naye ni binadamu. Alisema yule aliyeanguka hakuwa adui, alikuwa mtoto wao, na kama wangejua, wangempa hata maji ya kunywa na mtu wa kumsindikiza. "Ilikuwa kufananisha, ndugu zangu. Kufananisha tu. Shetani anapita kwenye macho ya mtu."

Nyuma yake ukuta ulikuwa unakauka. Kona za juu zikaanza kuwa nyeupe. Weupe ukashuka, ukatambaa kutoka pande zote kuja katikati, na katikati ukakataa. Kwanza ilikuwa kama kivuli cha msemaji. Niliona watu wanadhani hivyo. Kisha msemaji akasogea upande kuchukua kibuyu chake na kivuli hakikumfuata.

Miguu ilitangulia. Halafu blanketi, bega hadi bega. Halafu ule mkono ulioinuka nusu. Kichwa kilikuja mwisho, cheusi, cha mafuta, bila jicho wala jino. Mtu mzima amesimama nyuma ya Mzee Ndayisenga, karibu ya kutosha kumshika bega.

Mzee akaendelea na maneno machache, akaona hakuna anayemtazama, akageuka.

Alikitazama kile kitu kwa muda. Kijana yule wa kamba ya ng'ombe akakaa chini kwenye majani, akafunika kichwa kwa mikono. Ildefonce akainuka na kubeba beseni, akapaka tena pale kifuani, haraka haraka, na pale alipopaka udongo ukateleza ukaanguka kwenye viatu vyake.

"Acha, baba," nikamwambia. "Hiyo haishiki."

"Ulijua?"

"Kila mwanamke hapa alijua."

Mchinjaji akauliza, kisu mkononi, mtu mwenye shughuli zake, "Sasa huyu ng'ombe achinjwe au asichinjwe?"

Wazee wakatazamana. Ukuta haujawa mweupe. Hakuna aliyethubutu kusema umekuwa.

Ndipo nikasimama. Sijazoea kusema mbele ya wanaume, na sauti yangu ilitoka ndogo.

"Mzee, umesema vizuri. Mimi nimesoma darasa la tatu tu, nina swali moja. Umesema mngejua ni wa kwetu mngempa maji. Sasa angekuwa Mrundi kweli. Ana bibi yake huko Burundi, amekaa kwenye mkeka kama mimi. Mngempelekea ng'ombe?"

Ildefonce akasema, "Mama!"

Mzee Ndayisenga alikunywa kwanza. Nadhani hakutaka kunidanganya, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Hapana, mama," akasema. "Angekuwa Mrundi tusingekuja."

"Ahsante kwa kusema kweli. Basi ng'ombe wenu mrudi naye. Hapo ukutani sura imetoka, amefuta mwanangu mwenyewe mbele yenu. Siwezi kujua tena kama ni Majaliwa au ni huyo mwingine. Siwezi kumla ng'ombe nisiyejua ni wa kilio cha nani."

Ng'ombe akapandishwa garini kwa ubao uleule. Vijana wakapanda, yule aliyekaa kwenye majani ikabidi ashikwe mikono. Watu wa kitongoji wakarudi makwao na harufu ya rubisi bila harufu ya nyama, na hilo hawajanisamehe. Picha ya Majaliwa wamenisamehe zamani. Nyama bado.

Gari lilipopotea Gentille akainuka kwenye mkeka. Alikwenda ukutani, akaweka kiganja kwenye kile kifua cheusi, kikatoka na mafuta. Akasema neno moja, la kwanza tangu asubuhi.

"Cadet."

Sikumkatalia. Nilikuwa nimemwomba sura, akanipa, na chini ya sura alikuwa amemweka wa kwake tangu mwanzo, akingoja wa kwangu afutwe. Ningemkasirikia, sikuweza. Alijua watu kuliko mimi. Alijua watafuta.

Baada ya hapo njia ya Makere ikawa ngumu, vibali vikakatwa, gulio likahamishwa. Kibanda cha kinyozi kimepakwa rangi ya kampuni ya simu. Nimeuliza wanaotoka kambini, mmoja anasema Gentille yupo, mwingine anasema wamerudishwa kwao. Kwao wapi, sikuuliza.

Ildefonce anakuja Jumapili, analeta sukari, anakaa ameupa ukuta mgongo. Hatusemezani sana. Kilio changu hakijaondolewa, kwa hiyo nyumba haisiribwi, nyufa zinaongezeka, na yule wa ukutani yuko pale, mafuta hayaishi.

Wapita njia wanauliza. Anasimama bodaboda, anapandisha kioo cha kofia, ananiuliza kwa heshima, "Bibi, huyo ni nani?" Zamani nilisema, mjukuu wangu, wakamuua barabarani. Mtu anavua kofia, ananipa pole, mwingine ananiachia sabuni. Siku hizi ninajibu vingine. Ninasema, "Ni Mrundi mmoja, walimuua huko njiani." Halafu ninamtazama usoni, nione.

"Aa," anasema. Anawasha pikipiki.